Kumuuzia Asiyenunua

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo imewafaa wauza maembe na wauza vitenge kwa vizazi vingi, lakini aliyeitunga hakuwahi kuuza DPC. Ile karatasi nyeusi inayolazwa juu ya msingi kabla ya tofali la kwanza kupanda, ili unyevu wa ardhini usiparamie ukuta, hufunikwa siku ileile inapowekwa na haionekani tena. Ikiwa njema, hakuna atakayeikumbuka. Ikiwa mbaya, rangi ya sebuleni itaanza kubabuka baada ya masika mawili matatu, na lawama zitamwendea fundi rangi. Ndivyo zilivyo bidhaa nyingi za ujenzi: wema wake hujulikana baada ya miaka ishirini, na ubaya wake hujulikana watu wameshahamia. Kitu cha namna hiyo hakiwezi kujiuza. Lazima apatikane mtu wa kukitembeza.

Mtu huyo yupo. Ukiingia asubuhi katika ofisi ya wabunifu majengo, iwe Upanga jijini Dar es Salaam au Westlands jijini Nairobi, huenda ukamkuta kwenye kiti cha mapokezi, begi zito likiwa miguuni. Ndani ya begi mna vipande vya bati vya ukubwa wa kiganja, kadi za rangi, kigae kimoja kilichofungwa kwenye gazeti, na kipande cha fremu ya alumini kilichokatwa ili matumbo yake yaonekane. Kadi yake ya kazi inasema "afisa mauzo". Cheo hicho kinampunja. Afisa mauzo wa soda humaliza kazi yake duka linapopokea kreti. Huyu anamuuzia mtu ambaye hatanunua kitu chochote.

Mbunifu majengo hana pochi katika mradi. Ana kalamu. Anayelipa ni mwenye mradi, anayehesabu ni mkadiriaji majenzi, anayeagiza ni mkandarasi, na anayefunga ni fundi. Lakini kile ambacho kalamu imeandika kwenye masharti ya kiufundi, kikishaingia kwenye BOQ, yaani orodha ya vifaa na kazi inayowekewa bei, ndicho ambacho wote hao watakivutania. Tangu mstari uandikwe hadi lori lishushe mzigo saiti, mwaka unaweza kupita, au miwili, au benki ikatae mkopo na mchoro ulale kabatini. Muuzaji wa aina hii hupanda mnazi, hapandi mchicha.

Kazi yenyewe ni kongwe kuliko cheo chake. Wafanyabiashara wa mikoko wa Lamu na Rufiji walikuwa na miti iliyopangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na kuendelea, ikiuzwa kwa korija, yaani miti ishirini ishirini. Aliyepima chumba cha nyumba ya mawe alianza na urefu wa boriti aliyoweza kuipata. Ndiyo maana vyumba vingi vya zamani vya pwani ni virefu na vyembamba, karibu mita tatu kwa upana au pungufu. Bidhaa ilikuwa imeshaingia katika ramani kabla ramani haijachorwa kwenye karatasi.

Aliyeigeuza kazi hiyo kuwa sanaa ya ushawishi alikuwa mwanamke wa Kiingereza. Eleanor Coade alishika kiwanda cha Lambeth, ng'ambo ya Mto Thames jijini London, mwaka 1769. Hakuwahi kuolewa, ila aliitwa "Mrs" kama ilivyokuwa desturi kwa mwanamke mwenye biashara yake. Aliuza jiwe la kufinyangwa na kuchomwa tanuruni: udongo uliochanganywa na vigae vilivyosagwa, mchanga, gumegume na kioo. Udongo wa kawaida hunywea na kujipinda motoni. Wa kwake ulipungua kidogo tu, tena kwa kiasi kinachotabirika. Kwa mchonga sanamu hilo ni jambo dogo. Kwa mbunifu anayetaka kichwa cha nguzo kikae sawasawa juu ya nguzo yake, ndilo jambo lenyewe. Robert Adam, John Soane na John Nash wote walitumia jiwe lake. Mwaka 1784 alichapisha orodha ya mamia ya mapambo, na mwaka 1799 akafungua ukumbi wa maonyesho karibu na Daraja la Westminster ili mteja aje aguse kwa mkono wake.

Enzi hizohizo Josiah Wedgwood, mfinyanzi aliyeuza vyombo hadi kwa malkia, alijaribu kuwavuta wabunifu watumie vibao vyake vya kauri ya jaspa kwenye kuta na mekoni. Hakufanikiwa kama alivyotaka, na alilalamika waziwazi katika barua zake. Wanahistoria wana sababu zao. Lakini ukiweka biashara hizo mbili kando kwa kando ni vigumu kutoliona hili: Wedgwood alipeleka uzuri wa kitu chake, ilhali Coade alipeleka jibu la maswali ya mbunifu kuhusu kipimo, mvua na baridi. Coade alifariki mwaka 1821. Simba mkubwa aliyetengenezwa kwa jiwe hilo mwaka 1837 yupo hadi leo kwenye Daraja la Westminster, na manyoya ya shingo yake bado yanahesabika.

Wengine waliiachia bidhaa yenyewe kazi ya kutaja jina. Wamisionari wa Basel walipofungua kiwanda cha vigae Mangalore, India, mwaka 1865, jina la kiwanda liligandamizwa kwenye udongo wa kila kigae kabla ya kuchomwa. Vigae hivyo vilivuka bahari hadi Afrika Mashariki. Leo fundi wa Kenya akisema "mangalore" anataja aina ya kigae, hata kama udongo wake umechimbwa Kenya.

Kisha bidhaa zikawa nyingi kupita kumbukumbu ya mtu. Marekani, mwaka 1906, ilitoka Sweet's, kitabu kinene kilichokusanya katalogi za viwanda mbalimbali na kuzipa faharasa moja ili mbunifu asifukue makabati. Ulikuwa msaada, ila msaada wa mtu anayekumwagia gunia zima la dengu ili upate punje moja. Kila kiwanda kilipiga kelele kwa namna yake: picha ya jengo la kiwanda, maneno ya kujisifu, na kipimo kilichohitajika kimefichwa mwishoni.

Hapo ndipo alipoingia Ladislav Sutnar. Alizaliwa Plzeň mwaka 1897, akafika New York mwaka 1939 kwa shughuli ya banda la Czechoslovakia kwenye Maonyesho ya Dunia. Nchi yake ilikuwa imeshakaliwa na majeshi ya Ujerumani, naye akabaki. Kuanzia mwaka 1941 hadi 1960 alikuwa mkuu wa usanifu wa machapisho ya Sweet's, akishirikiana na Knud Lönberg-Holm, mbunifu majengo wa asili ya Denmark aliyeongoza utafiti hapo. Wawili hao walijiuliza swali ambalo wauzaji wengi hadi leo hawajaliuliza: mbunifu anapofungua ukurasa huu, jicho lake linatafuta nini kwanza, na nini baadaye?

Jibu lao lilibadilisha ukurasa. Walitumia kurasa mbili zinazotazamana kama uwanja mmoja. Vichwa vya habari vikakaa mahali palepale kila unapofunua. Mishale, namba kubwa na vipande vya rangi vikawa alama za njia. Mchoro wa jinsi kitu kinavyofungwa ukakaa kando ya kipimo chake. Kujisifu kukapungua, maana hakukuwa na nafasi. Mwaka 1944 walitoa kitabu kuhusu usanifu wa katalogi, na kingine mwaka 1950, ambavyo wachoraji wa vitabu na mabango huvisoma mpaka sasa. Inafaa kutua kidogo hapa: kazi ambayo leo hutajwa kwenye historia ya sanaa ya karne ya 20 ilianza kama njia ya kuuza mabomba, madirisha na vitasa kwa watu wenye haraka.

Mwenye begi wa Dar es Salaam huenda hajamsikia Sutnar, ila anafanya kazi ileile kwa mdomo. Tazama suala la bati. Mteja anajua bati la msauzi, anajua migongo mipana na migongo midogo, na anajua rangi aliyoiona kwa jirani. Geji inamchanganya, kwa sababu namba inapopanda bati linapungua: geji 28 ina unene wa takriban milimita 0.4, geji 30 takriban 0.3, na geji 32 ni nyembamba zaidi. Mbunifu anajua hayo, lakini pengine hajui kuwa bati la mchanganyiko wa alumini na zinki, ambao kwa uzito ni asilimia 55 alumini na karibu 43 zinki, halipatani na saruji mbichi. Zege linalomwagikia juu yake na kuachwa hulila. Mwenye begi akimwambia hilo, mbunifu atabadilisha mchoro wa pale paa linapokutana na ukuta. Hajauza kitu bado, ila ameshaingia katika jengo.

Kuna mtego mwingine ambao stadi huujua na mwanagenzi hujikwaa. Katika miradi ya serikali, sheria za ununuzi wa umma hazitaki bidhaa ifungwe kwa jina la kampuni. Jina likitajwa, lazima lifuatwe na maneno "au inayolingana nayo". Mwanagenzi husherehekea jina lake likiandikwa. Miezi kumi baadaye mkandarasi analeta "inayolingana nayo" kutoka duka la rafiki yake, nyembamba kama ganda la kitunguu, na hakuna maneno ya kumzuia. Stadi hamwombi mbunifu aandike jina. Anamsaidia kuandika unene, viwango vya TBS au KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, na uzito wa mipako kwa mita ya mraba, kisha anaomba ruhusa ya kufika saiti na maikromita siku mzigo unaposhuka. Inawezekana kwamba mshindani mwaminifu naye atavifikia vipimo hivyo na kuchukua kazi. Stadi anajua hivyo, na bado anaviandika.

Njia ya mkato ipo na kila mtu anaijua: bahasha. Husemwa kwa utani kwamba mkono mtupu haulambwi. Kanuni za maadili za wabunifu zinakataza kupokea kamisheni ya chini kwa chini kutoka kwa wauza vifaa, na sababu haihitaji darasa: aliyelipwa ili aandike, hawezi tena kumlinda aliyemwajiri achore. Sifa za makala haya haziwahusu wenye bahasha.

Njia ndefu ni kufundisha. Wabunifu wa chama cha RIBA, Uingereza, wanatakiwa kusoma saa 35 kila mwaka ili kujiendeleza kitaaluma. Wa AIA, Marekani, saa 18, na huko somo linalotolewa na kampuni linapaswa kuhusu maarifa, si kutangaza bidhaa. Fikiria adhabu hiyo kwa muuzaji: simama saa nzima mbele ya wateja uliowaota, wanakula chakula ulichokilipia, nawe usijisifu! Wengi hushindwa. Wanaoweza, hupigiwa simu na mbunifu hata pale asipohitaji bidhaa yao.

Na ukitaka kuona kazi hii inavyoonekana ikipoteza roho, tazama Grenfell Tower. Usiku wa Juni 14, 2017, moto ulipanda kwenye vifuniko vya nje vya jengo hilo la London na kuua watu 72. Tume ya uchunguzi, katika ripoti yake ya mwisho ya Septemba 2024, iliwalaumu baadhi ya watengenezaji wa vifaa hivyo kwa udanganyifu wa makusudi na wa muda mrefu. Katika jaribio moja la moto, mbao za oksidi ya magnesiamu ziliwekwa ndani ya ukuta na hazikutajwa katika maelezo ya mauzo. Ofisi ya wabunifu wa mradi nayo haikusalimika katika ripoti. Kijitabu chenye picha nzuri kilikuwa kimebeba uongo, na waliokipokea hawakuuliza vya kutosha.

Baada ya hapo, jibu lenye thamani kuliko yote kinywani mwa muuzaji ni "hapana". Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliomo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, unatoa mtihani mzuri. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Hunywa maji na kuyatoa, huvuta unyevu wakati wa masika na kuuachia wakati wa kaskazi. Ukizipiga plasta ya saruji, au ukizivika rangi ya kisasa inayoziba kama nailoni, maji hukwama ndani, chumvi hutafuta pa kutokea, na ukuta huanza kumong'onyoka kutoka ndani huku usoni unang'aa. Muuza rangi akiitwa kwenye nyumba kama hiyo, huku akidaiwa kufikisha malengo ya mwezi, jawabu sahihi ni kufunga kadi zake na kusema: "Mzee, hapa paka chokaa." Chokaa yenyewe yeye haiuzi. Atarudi kwa boti ya jioni bila oda, ila mbunifu aliyemsikia ana hoteli mpya ya matofali ya saruji kule Paje, na kwa hoteli hiyo hataitisha kadi za mtu mwingine.

Kwa wabunifu majengo mnaosoma haya: huenda saa hizi kuna mtu kwenye kiti chenu cha mapokezi, begi miguuni, tangu saa tatu. Mwiteni. Kabla hajafungua zipu, muulizeni bidhaa yake isitumike wapi. Akiwa na jibu, agizeni chai.