Mkono Unaokausha Wembe

Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga, lakini hawakumwondolea wajibu wa kuutunza wembe wake. Sifa zote humwendea anayenoa: kinoo kinalia, watu wanatazama, makali yanajaribiwa kwenye unywele mmoja na ustadi unaonekana papo hapo. Anayekausha hana watazamaji. Kazi yake huanza mteja akishaondoka, na akiifanya vizuri hakuna kinachotokea, kwa hiyo hakuna cha kusifia. Nazungumzia wembe wa zamani wa kukunja, bapa moja la chuma cha pua linaloingia ndani ya mpini wake, unaonolewa badala ya kutupwa. Hapa Kisumu, na katika ufuo mzima wa ziwa kutoka Kendu Bay hadi Usenge, nadai kwamba sehemu kubwa ya ufundi wa wembe huo imo katika kuukausha. Kinoo kinakuja baadaye, na hata mafuta, ambayo wengi hudhani ndiyo dawa ya kutu, yanakuja baadaye.

Mtu wa Mombasa anaweza kuuliza tunalalamikia nini, ilhali ziwa letu halina chumvi. Swali lake lina uzito, kwa kuwa chumvi huharakisha kutu na hewa ya bahari hula chuma upesi kuliko ya kwetu. Lakini kutu haingoji chumvi ili ianze. Inataka maji na oksijeni tu, na maji yenyewe si lazima yaonekane kwa macho: unyevu hewani ukipita takriban asilimia 60, utando mwembamba wa maji hujijenga juu ya chuma na kazi ikaanza. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na maji mengi yanayoliacha hayapiti Mto Nile bali hupaa kama mvuke. Mvuke huo ndio hewa tunayoivuta alfajiri, na ndio mvua ya alasiri kati ya Machi na Mei. Tena chumvi tunayo, ila haitoki ziwani. Inatoka vidoleni. Jasho la kidole gumba likiachwa kwenye ubapa wa wembe linaweza kuonekana baadaye kama doa la kahawia lenye mistari ile ile ya kidole. Doa kama hilo kwenye panga si kitu. Kwenye wembe, ambao ncha ya makali yake haifiki unene wa elfu moja ya milimita, kijishimo kisichoonekana ni pengo, na pengo hukwangua shavu.

Kukausha basi kunataka akili kuliko nguvu. Taulo husafisha ubapa vizuri, mtu akaridhika, kumbe maji yamekimbilia mahali ambapo kitambaa hakifiki: kwenye pini inayoshika bapa, na ndani ya mpini, katika ule ufa ambamo makali hulala. Akiufunga wembe hapo, amefungia tone la maji pamoja na chuma katika chumba kisicho na upepo, na kila baya litakalofuata limeshapangwa. Fundi mzuri hufuta kutoka mgongoni kuelekea makali, wala hapitishi kitambaa kwa urefu wa makali, kwa ajili ya makali na kwa ajili ya vidole vyake. Hupenyeza pembe ya kitambaa cha pamba ndani ya mpini. Kisha hufanya lile ambalo watu wenye haraka hawaliwezi: huuacha wembe wazi kivulini, penye upepo na mbali na watoto, mpaka pini ikauke yenyewe. Baada ya hapo huupitisha mara chache kwenye ukanda wa ngozi, na mwendo huo hufuta utando wa mwisho wa unyevu kwenye makali yenyewe. Ngozi hiyo hiyo, ikigeuzwa ala ya kuhifadhia, huwa adui: hunywa unyevu wa hewa ikaushikilia, na mabaki ya dawa za kutengenezea ngozi husaidia kuula ubapa. Ala nzuri ya ngozi ni ya safari, si ya kulaza wembe msimu mzima.

Mafuta yana kazi yake, nayo ni kuzuia unyevu mpya. Unyevu ambao tayari umo hayautoi, bali huufunika. Wembe uliopakwa mafuta ukiwa na maji umewekewa kifuniko juu ya ugonjwa. Ukishakauka kweli, mafuta kidogo ya cherehani yanatosha, au vaselini iliyopakwa hadi isionekane. Mafuta ya kupikia yaachwe jikoni, kwa kuwa huvunda na kugeuka gundi. Kisha wembe ulazwe ndani ya mkebe mkavu pamoja na vile vipakiti vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, si bafuni wala chini ya ukuta wa saruji unaotoa jasho. Mvua zikianza, ufunguliwe na kukaguliwa kila wiki.

Hapo mtu wa sasa atapinga kwamba haya yote ni usumbufu. Wembe wa kutupwa upo kila duka, na chuma kisichoshika kutu kipo. Kwa upande wa vinyozi namkubalia bila kuvutana. Wembe mmoja haupaswi kupita nyuso mbili, katika ukanda ambao Ukimwi umezika watu wengi kiasi hiki, na kinyozi anayefungua wembe mpya mbele ya mteja anastahili heshima yote. Mafuta hayaui vijidudu, na kukausha hakuondoi damu. Utunzaji ninaousifu ni wa wembe wa mtu mmoja, uso mmoja. Kuhusu chuma kisichoshika kutu, jina hilo limezidi ukweli. Chuma hicho hutiwa kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, nayo hujitengenezea ngozi nyembamba inayokinga, lakini kikiachwa na unyevu na chumvi ya jasho pasipofika hewa, nacho huota vidoa. Kampuni ya King Gillette, ya nyembe za kutupwa, ilianzishwa Marekani mwaka 1901, mwaka ule ule reli ilipofika Kisumu, na tangu hapo mabilioni ya watu wamezoea kununua makali badala ya kuyalinda. Unafuu huo ni wa kweli, na gharama yake ni kwamba ujuzi wa kulinda chuma umetutoka mikononi.

Nao ni ujuzi wa siku nyingi kando ya ziwa hili. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha ushahidi kwamba wafua chuma wa Buhaya, ng'ambo ya ziwa nchini Tanzania, walitengeneza chuma chenye kaboni zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Upande wetu, majembe ya wafuaji wa Samia yaliuzwa hadi Nyanza. Lakini ushahidi wa Buhaya ni tanuri na mavi ya chuma kuliko visu: takataka zimedumu ardhini, kitu chenyewe kikaliwa. Wachuuzi wanaopasua samaki aina ya mbuta pale ufuoni Dunga hawahitaji somo hilo, maana kisu kilicholala na maji kinawagharimu asubuhi ya pili. Wembe ni mgumu zaidi, kwa sababu unaweza kulala miezi kabla ya kuitwa. Katika desturi ya Waluo ya liedo, kunyolewa kwa wafiwa baada ya maziko, hakuna anayepewa notisi ya kwenda kununua kinoo.

Kwa hiyo ukiletewa wembe wa zamani ununue, usianze na makali. Hayo yanaweza kunolewa siku hiyo hiyo. Ufungue hadi mwisho, utazame pini, kisha umulike tochi ndani ya mpini. Pakiwa na kutu, mrudishie mwenyewe hata ubapa ukimeta kama kioo. Pakiwa safi, lipa bei anayoitaka.