Gege na Waliomtuma: Ujasusi katika Kifo Kisimani

Mtahiniwa akiulizwa kuhusu usaliti katika tamthilia ya Kithaka wa Mberia, Kifo Kisimani (2001), aghalabu hujibu kwamba Gege alimuua nduguye, Mwelusi, kwa tamaa ya kumwoa binti ya mtawala Bokono. Jibu hilo ni sahihi, lakini ni nusu. Je, ni nani aliyeitambua tamaa hiyo na kuitumia?

Chini ya utawala wa kijeshi wa Idi Amin nchini Uganda (1971–1979), majasusi walikuwa na makao Nakasero, Kampala. Kenya haikutawaliwa na jeshi. Hata hivyo, miaka ya 1980 washukiwa wa Mwakenya waliteswa katika Nyayo House, Nairobi. Idara ya ujasusi haiwezi kuweka afisa katika kila nyumba. Humtegemea rafiki, jirani, hata ndugu. Mwanafunzi wa Kaloleni au Jericho, ambako majirani husikiana, ataelewa upesi.

Kwa hivyo, mtahiniwa, unapomtaja Gege, wataje pia waliomtuma. Ukimlaumu yeye peke yake, utakuwa umeuachilia huru utawala wa Butangi.