Picha ya Nani, Picha Kuhusu Nini

Ndugu msomaji, humu tumezoea kuhakiki vitabu na nyimbo. Leo naomba nihakiki kitu ambacho wengi hawakihesabu kuwa ni maandishi: ile mistari michache inayowekwa chini ya picha, pamoja na fomu inayojazwa ili picha iweze kutafutwa na kupatikana. Wataalamu wanaiita metadata, yaani taarifa zinazoieleza picha: nani alipiga, lini, wapi, inaonyesha nini. Sisi wakimbizi tumepigwa picha sana. Ni haki yetu kuuliza tunaandikwaje.

Kila Jumamosi nawafundisha vijana wa kikundi chetu hapa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, namna ya kupanga picha. Wengi wametoka Uvira, Fizi na Bukavu, wengine ni Warundi. Tunatumia utaratibu unaoitwa Dublin Core. Watu hudhani ni Dublin ya Ireland, kumbe ni mji wa Dublin katika jimbo la Ohio, Marekani, ambako wakutubi na watu wa kompyuta walikutana mwaka 1995. Una vipengele 15: kichwa, muundaji, mada, maelezo, mchapishaji, mchangiaji, tarehe na kadhalika. Ni mfupi, ni wa bure, hata mwenye daftari na kalamu anaweza kuutumia. Hiyo sifa yake siikatai.

Lakini hebu soma vipengele hivyo kama unavyosoma shairi, ukiuliza nani anasema na nani amenyamazishwa. Mpiga picha ana nafasi yake: muundaji. Shirika lililoitoa picha lina nafasi: mchapishaji. Mwenye mali ana nafasi: haki. Sasa yule mama aliyesimama mbele ya kamera yuko wapi? Hana kipengele chake. Anaingizwa kwenye mada, pamoja na ndoo, hema na mtumbwi.

Kasoro hii haikuanza na kompyuta. Casimir Zagourski, Mpolandi aliyekuwa na studio Léopoldville kuanzia miaka ya 1920, alitoa mfululizo wa kadi-posta alioupa jina L'Afrique qui disparaît, yaani Afrika inayotoweka. Ndani yake wamo watu wa Ruanda-Urundi. Kama picha, ni kazi safi: mwanga umepangwa, nyuso ziko wazi. Lakini maandishi yake kwa kawaida yanataja kabila au mahali, si mtu. Jina la mpiga picha limebaki, la aliyepigwa limepotea. Mkutubi wa leo akiyanakili maandishi yale bila kuongeza neno, anaendeleza kazi ile ile.

Jina la mahali nalo lina mtego. Wakati wa ukoloni mji huu uliitwa Usumbura. Bujumbura ni jina lililokuja na uhuru wa 1962. Tena mwaka 1925 Wabelgiji waliiunganisha Ruanda-Urundi na utawala wa Kongo yao. Kijana anayetafuta “Bujumbura, Burundi” anaweza kuikosa picha ya mtaa wa babu yake kwa sababu imelala chini ya jina Usumbura, au ndani ya sanduku lililoandikwa Kongo. Hapa dawa inajulikana: usilifute jina la zamani, liunganishe na la sasa. Taasisi ya Getty ya Marekani ina orodha ya majina ya mahali inayofanya hivyo, mahali pamoja na majina yake yote chini ya namba moja.

Kigumu zaidi ni mada. Mwaka 1986 mtaalamu wa maktaba Sara Shatford aliandika kwamba picha ina maswali mawili tofauti: ni picha ya nini, na inahusu nini. Kwa Kiswahili tofauti hiyo tunaisikia haraka sana. Nikawapa vijana picha moja ya kambini. “Ya nini?” Wote wakajibu sawasawa: mama, bidoni tatu za njano, foleni, bomba. “Inahusu nini?” Mmoja akaandika mateso. Mwingine akaandika subira. Wa tatu, aliyewahi kuishi kambi ile, akasema: “Hapana. Siku ile maji yalikuwa yamerudi baada ya siku nne. Huyo mama alikuwa na furaha, ni jua tu lilikuwa linampiga machoni.”

Basi niambie, ndugu mfanyakazi wa shirika: hiyo picha ukiiweka chini ya neno “mateso”, itamtumikia nani? Miaka ishirini ijayo mtu atatafuta picha za mateso, na mama yule atatokea, amekunja uso kwa ajili ya jua. Tangu siku hiyo tuna kanuni: “ya” inaweza kujazwa na yeyote mwenye macho, lakini “kuhusu” lazima ifuatwe na maneno “kwa mujibu wa fulani”.

Mimi nilipendekeza aliyepigwa picha tumwandike kwenye kipengele cha mchangiaji, maana bila yeye picha haipo. Binti mmoja akanipinga: “Mwalimu, aliyelazimishwa alichangia nini?” Swali zito. Tukakubaliana hivi: aliyekubali anaandikwa mchangiaji; kwenye kadi za kikoloni hatumwandiki hivyo, ila kwenye maelezo tunasema wazi kuwa ridhaa yake haionekani popote. Na ridhaa si sawa na haki. Kipengele cha haki kinasema picha ni mali ya nani. Hakisemi kama mtu aliulizwa. Utaratibu mwingine, IPTC, unaotumiwa na wapiga picha wa magazeti, una sehemu ya kuonyesha kama kuna kibali cha aliyepigwa. Sisi tumeongeza mistari miwili: aliulizwa kwa lugha gani, na alikuwa wapi alipoulizwa. Mtu aliyeulizwa kwa Kifaransa asichokijua, akiwa kwenye foleni ya chakula, sidhani kama aliona kuwa anaweza kukataa.

Najua wenzangu wa mashirika watajibu: jina linaweza kuua. Ni kweli. Kati yetu wapo wanaotafutwa, na faili ya picha ya simu inaweza kubeba mpaka alama za mahali ilipopigwa. Sidai majina yote yabandikwe ukutani. Lakini kuandika si kutangaza. Jina linaweza kukaa kwenye daftari lililofungwa, na rekodi ya wazi ikasema “jina limehifadhiwa kwa ombi la mhusika”. Kinachoniuma ni rekodi zinazotumia neno moja, “haijulikani”, kwa mtu ambaye hakuulizwa na kwa mtu aliyeomba afichwe. Huyo wa kwanza alipuuzwa, wa pili alilindwa. Ukiwaandika sawa, anayesoma baadaye hawezi kujua ni yupi. Na siku hatari ikipita, mtoto akija kuuliza “mama yangu yuko wapi kwenye picha hizi?”, daftari lililofungwa linaweza kumjibu. “Haijulikani” haina jibu.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, wala halihitaji programu mpya. Mkipiga picha kambini au hapa mjini, jazeni mambo matatu kabla hamjaondoka: jina, hata kama litafichwa, na nani aliomba lifichwe, lugha na mahali pa ridhaa, na sentensi moja ya mhusika mwenyewe, kwa lugha yake, akisema picha inahusu nini. Nakala ya hiyo karatasi abaki nayo. Nasi wakazi, kamera ikija, tusiulize tu picha inaenda wapi. Tuombe tusomewe kilichoandikwa chini yake.