Milimita Nane

Weka ncha ya kidole mbele ya sikio, kisha fungua mdomo na uufumbe. Kinachocheza chini ya kidole ni kichwa cha taya la chini ndani ya shimo lake. Ukiinua fuvu kavu mbele ya dirisha, paa la shimo hilo hupitisha mwanga: ni jembamba kama ganda la yai, na juu yake, kwa aliye hai, ndipo ulipo ubongo. Upande wa ndani, kwenye tundu dogo la mfupa, hupita ateri inayolisha utando wa ubongo. Mbele, juu ya upinde wa shavu, hukatiza tawi la neva ya uso linaloinua nyusi. Daktari anayefungua kiungo hiki amezungukwa na hatari ambazo nyingi hazioni.

Ndiyo maana nawaheshimu sana watu wanaokaa na mafuvu maabarani, kalipa mkononi, wakipima. Kusoma namba ni rahisi. Kazi ipo katika kuamua ncha ya chuma itue wapi, maana kingo za mfupa ni za mviringo, na wapimaji wawili huweza kutofautiana juu ya ukingo uleule. Kwa hiyo hukubaliana kwanza mahali pa kuanzia, hupima kulia na kushoto, kisha hurudia siku nyingine bila kuchungulia walichoandika awali. Namba zikipishana mno, kazi inaanza upya. Uadilifu huo siuoni kuwa mdogo kuliko ule wa chumba cha upasuaji.

Upimaji wa mafuvu una historia chafu pia. Enzi za ukoloni mafuvu ya Waafrika yalipelekwa Ujerumani, yakapimwa ili kuwapanga watu kwa madaraja; lile lililorudishwa Kalenga mwaka 1954 kama fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lilitoka Bremen. Sifa zangu ni kwa wanaopima ili mgonjwa apone.

Kwa mfano, mwaka 1979 madaktari wa upasuaji Al-Kayat na Bramley walichapisha vipimo vya neva ya uso walivyovipata kwa kuchambua nyuso za marehemu. Tawi lile lilikatiza upinde wa shavu wastani wa milimita 20 mbele ya tundu la sikio katika mfupa. Kwa wengine umbali ulifika 35. Kwa ambaye lilikuwa karibu kabisa, 8 tu. Daktari anayeamini wastani peke yake atamkata huyo wa mwisho, naye ataamka nyusi ya upande mmoja haipandi. Al-Kayat na Bramley waliipindisha chale ikapanda ndani ya nywele za panja, wakaingia chini ya utando mgumu wa msuli, na neva ikanyanyuliwa pamoja na nyama yake bila kuguswa.

Ombi langu kwa wanafunzi wetu wa tiba wanaopima mafuvu: msiishie kwenye wastani. Andikeni namba ndogo kuliko zote pale daktari atakapoiona kwanza, kwa sababu mgonjwa mwenye namba hiyo yupo.