Ndugu, Kibarua, Mamluki: Ukurasa wa Kuajiri katika Battle Brothers

Wanaoandika kuhusu michezo ya mkakati ya kompyuta huanza na vita. Kwa Battle Brothers, mchezo uliotolewa mwaka 2017 na studio ya Overhype ya Hamburg, Ujerumani, naona fasihi yake hasa imo kwingine, katika ukurasa wa kuajiri. Mchezaji ni kamanda wa kikosi cha askari wa kukodiwa kinachozunguka nchi ya kubuni iliyochorwa kwa mfano wa Ulaya ya zama za kati. Akifika kijijini hufungua orodha ya makurutu. Kila mmoja ana jina, kazi aliyotoka nayo, habari fupi ya maisha yake, gharama ya kumchukua na ujira wa kila siku. Uwezo wake wa kupigana hauonyeshwi. Kwa ada ndogo anaweza kujaribiwa, na jaribio likafunua tabia yake: mlevi huyu, mwoga yule. Tarakimu zenyewe husubiri mpaka fedha zitoke mkononi.

Kwa istilahi za uhakiki wetu, kurutu huyu ni mhusika bapa. Mvuvi ni mvuvi, mwizi ni mwizi, mwana wa mkuu aliyekanwa na ukoo wake anabaki kuwa hivyo katika aya moja au mbili za habari yake. Uduara huja baadaye, tena hauji kwa maandishi. Kila anapopanda daraja, mchezaji humchagulia sifa tatu za kukuza kati ya nane. Anayeangushwa vitani aghalabu hufa, na kifo hakina marejeo; akinusurika, huenda akarudi bila jicho au pua, na uso wake uliochorwa kwenye skrini hubadilika kulingana na jeraha. Mtunzi wa hadithi hii ni bahati, na msomaji wake ndiye mlipaji.

Hapa pana tatizo ambalo wapenzi wa mchezo huu hulipita haraka. Habari za makurutu zimeandikwa kwa uangalifu, lakini baada ya saa chache mchezaji haziisomi tena. Amejifunza kwamba bei hufuata kazi ya zamani, kwamba mpiganaji mzoefu mwenye deraya hugharimu maelfu ya sarafu, na kwamba vipaji, vinavyoonyeshwa kwa nyota, vinaweza kumwangukia hata mtu wa bei ya chini. Basi huchukua wanyonge kadhaa kwa mkupuo, akatazama tarakimu na nyota zao, akabaki na mmoja, wengine akawafukuza siku hiyo hiyo. Aliyebaki huenda akapewa jina jipya, maana mchezo unaruhusu hilo. Sioni huu kuwa udhaifu wa utunzi. Naona ndipo mchezo unaposema kweli kuhusu biashara unayoisimulia, pengine bila kukusudia: maisha ya mtu yamewekwa mbele yetu, na sisi tumeyapita kwenda kwenye thamani yake.

Mchezo huwaita watu hawa ndugu. Msomaji wa Kiswahili ana maneno mengine mawili ya kuwaitia, na yote mawili yanajua jambo ambalo neno ndugu linalificha. Mtu wa kazi za kutwa katika orodha ile, mmoja wa makurutu wa bei ya chini kabisa, kwetu ni kibarua. Neno hilo ni udogo wa barua, kile cheti alichopewa mtu wa kazi ya siku; na katika Unguja ya karne ya 19 vibarua wengi walikuwa watumwa waliotumwa na mabwana wao kutafuta ujira, kisha sehemu ya ujira huo ikarudi kwa bwana. Mamluki nalo limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni mtu anayemilikiwa. Leo tunamwita hivyo hata mchezaji wa mpira aliyepachikwa katika timu isiyo yake. Lugha yetu imelichukua jina la aliyenunuliwa ikampa aliyeajiriwa, na sidhani kwamba imekosea njia.

Nyongeza ya mwaka 2020, Blazing Deserts, inalileta jambo hili karibu na wasomaji wa jarida hili walioko Ghuba. Inaongeza miji ya kusini iliyochorwa kwa sura za Uarabuni na Uajemi, ikitawaliwa na mawaziri, na pamoja nayo kurutu wa aina mpya: mdeni. Huyu hadai ujira wa siku. Katika kikosi cha wawinda watu, hawezi kupanda kupita daraja la saba. Jina la mdeni ni la heshima mno kwa hali hiyo, ni mtumwa. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba watunzi wamempeleka kusini, kana kwamba kaskazini, ambako mwombaji hununuliwa, hutazamwa na kufukuzwa kabla jua halijatua, watu wote wako huru.

Jagged Alliance 2, mchezo wa Kikanada wa mwaka 1999, ulikuwa na haya zaidi. Humo askari wa kukodiwa huchukuliwa kwa mkataba wa siku moja, wiki moja au mbili, na wapo wanaotaka amana ya matibabu kwanza. Zaidi ya hayo, anaweza kukataa, ama kwa sababu hampendi mtu aliyemo kikosini tayari, ama kwa sababu amesikia kwamba wanaokufanyia kazi wanakufa mno. Yaani naye anakusoma. Kurutu wa Battle Brothers hakatai kamanda mwenye fedha. Nguvu yake pekee ni ya baadaye: asipolipwa hununa, na hatimaye huondoka.

Wanaokufa huandikwa katika orodha ya marehemu wa kikosi: jina, siku alizokaa, vita alivyopigana, idadi ya aliowaua, namna alivyokufa. Bei aliyonunuliwa haimo. Habari ya maisha yake, ile iliyosomwa au kurukwa siku ya kuajiriwa, nayo haimo. Na jina lililoandikwa ni lile la mwisho alilopewa.