Mchezo wa "Richard II" na Zama Zake

Wako wasemao kwamba kitabu chema chajitosheleza, wala hakihitaji habari za zama zake. Na tulipime neno hili kwa mchezo wa Shakespeare uitwao "Richard II," usimuliao jinsi mfalme alivyouzuliwa.

Mchezo huo ulipigwa chapa mwaka 1597, na mara mbili tena mwaka 1598. Katika nakala hizo halimo onyesho la mfalme akilitoa taji lake mbele ya Bunge. Lilipigwa chapa mwaka 1608, Malkia Elizabeth akiwa amekwisha kufa tangu 1603. Malkia huyo alikuwa mzee, hana mtoto, wala hakutangaza mrithi. Kunena habari za kumwuzulu mfalme kulikuwa hatari. Tarehe 7 Februari 1601 wafuasi wa Earl wa Essex waliwaongezea waigizaji shilingi 40 juu ya mapato yao, wauonyeshe mchezo wa Richard, ambao wataalamu wengi huuona kuwa ndio huu. Kesho yake Essex aliasi. Tarehe 25 akakatwa kichwa. Mwigizaji mmoja alihojiwa, lakini kundi lao halikuadhibiwa.

Asiyejua haya husoma huzuni ya mtu mmoja, asiisikie hofu ya taifa zima. Lakini tusipite kiasi: mchezo haukuandikwa kwa ajili ya maasi yale, kwani ulikuwapo miaka kadhaa kabla yake. Basi mwalimu na aanze na maneno yenyewe, ayafungue kwa habari za zama zake, kisha ayarudie maneno.