Neno Moja kwa Shujaa na Zimwi

Katika Beowulf, utenzi wa Kiingereza cha Kale wenye mistari 3182, neno aglæca humtaja Grendel, zimwi mla watu. Humtaja pia Sigemund, shujaa aliyeua joka. Katika pambano la mwisho, neno hilohilo, kwa wingi, lawajumlisha Beowulf na joka lenyewe. Hata hivyo Klaeber, katika sherehe ya maneno ya toleo lake la 1922, alilipa maana mbili: dubwana upande mmoja, shujaa upande wa pili. Mgawanyo huo ni wa mhariri, mshairi hakuufanya. Nao wafuta swali zito la utenzi: nguvu ziokoazo watu zatofautianaje na ziwaangamizazo? Mfasiri wa Kiswahili yafaa ashike istilahi moja, "mpiganaji wa kutisha", kila mahali, hukumu amwachie msomaji.